Breki ya Namba Nane

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, Jumamosi, kigari namba nane kilishindwa kukata kona ya mwisho ya ukumbi, kikajibamiza kwenye nguzo ya zege. Kwa kama nusu dakika hivi, watu walicheka.

Walicheka kwa sababu ndani yake alikuwemo Mkasi, kinyozi, na Mkasi alikuwa na mchezo wake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuja kushindana na kaka yake na marafiki wawili, na kila aliposhindwa alijilaza juu ya usukani, mikono inaning'inia, ulimi nje, mpaka wenzake waje kumtekenya. Basi yule rafiki yao muuguzi, ambaye wote walimwita Nesi, alipunguza mwendo wa kigari chake, namba sita, akapaza sauti, "Amka wewe, hata kufa hujui." Halafu akaona kitu cheusi kinachuruzika chini ya helmeti. Akaruka kutoka kwenye kigari kabla hakijasimama.

Fundi wa vigari alitupa tambara akakimbia. Hakuwa na haja ya kukimbia, alijua tangu mbali. Utulivu ule alikwisha kuuona miezi minane nyuma, kwenye korido ya wodi, mkewe akiwa juu ya machela akisubiri saini ya mkubwa mmoja aliyekuwa kwenye kikao. Kikao kilikwisha saa kumi. Mkewe alikwisha saa nane na nusu.

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala. Sakafu imepakwa rangi nyeusi, njia imezungushiwa vizuizi vya plastiki vyekundu na vyeupe, na vigari ni vya umeme, havina ngurumo, vina mluzi mwembamba tu kama birika linaloanza kuchemka. Fundi alikuwa na miaka sita humo. Kazi za asubuhi ile zilikuwa zile zile za kila Jumamosi: saa moja na nusu kuchomoa chaji, saa mbili kuhamisha maganda yaliyotakiwa kuhamishwa, saa tatu kupima upepo wa matairi na kukanyaga kila breki kwa mguu wake. Ganda ndiyo ile bodi ya plastiki yenye namba, inayokaa juu ya fremu kwa boliti nne. Breki zote zilishika. Angeweza kuapa.

Polisi walifika saa tano na dakika tano. Aliyeongoza alikuwa Inspekta mmoja mwanamke, mdogo wa mwili, asiye na haraka. Alisimama mbele ya nguzo kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Meneja.

"Breki za hivi vigari ni kazi ya nani?"

"Yake." Meneja alielekeza kalamu kwa Fundi bila kumtazama usoni. "Fomu hii hapa. Namba nane, Alhamisi, breki sawa. Saini yake mwenyewe. Mimi nasikitika kusema, lakini huyu mzee tangu afiwe akili yake haipo hapa."

"Na nguzo? Kona zote zina vizuizi, hii haina."

"Hilo ni suala la mpangilio wa ukumbi. Tunapanua sehemu ya meza."

Inspekta aliandika neno moja kwenye kijitabu chake. Fundi alitamani kujua ni lipi. Jana yake, saa kumi alasiri, Meneja alimwita apeleke vizuizi vya kona ile stoo, kumi na viwili, kimoja kimoja, kwa sababu watu wa sherehe walihitaji nafasi ya viti. Fundi alimwambia, bosi, hapa mtu atakufa. Meneja alimjibu kwamba yeye analipwa kwa mikono, si kwa maoni.

"Mzee wangu," Inspekta alimwambia pembeni, "sitakuficha. Gari la kituo linakuja saa nane. Nikiondoka na karatasi hii peke yake, naondoka na wewe. Uzembe uliosababisha kifo. Si miaka miwili hiyo, wala mitatu."

"Mwanangu, nina binti mmoja nyumbani, na kati ya wazazi wake nimebaki mimi tu." Fundi alifuta mikono kwenye suruali. "Nipe hicho kigari nikifungue mbele ya macho yako. Kama kosa ni langu nitapanda gari lako mwenyewe, bila kushikwa mkono."

"Kwanza niongee na hawa watatu. Nawe ukae humo humo. Unavijua hivi vyombo kuliko mimi."

Wakaingia chumba ambacho wateja huoneshwa video ya usalama kabla ya kuendesha. Helmeti zilipangwa rafuni. Mahali pa helmeti namba nane palikuwa wazi.

Nesi aliingia wa kwanza. Bado alikuwa na damu kwenye viganja, na hakutaka kunawa.

"Kuna watu walikusikia asubuhi ukimwambia marehemu, leo utanijua," Inspekta alianza.

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Mwaka wa tatu huu ananiambia atakuja nyumbani kujitambulisha. Kila nikimuuliza lini, ananiambia subiri nimalizie kichwa cha huyu mteja." Aliangalia viganja vyake. "Nilimaanisha nitampita kwenye kona. Sikumaanisha hivi."

"Jana ulifika hapa?"

"Nilifuata glavu nilizosahau. Nikachukua nikaondoka. Karakana sijaingia, hata mlango wake siujui."

Wa pili alikuwa mkaguzi wa majengo, bwana mnene, mwenye jasho, aliyefunga shati mpaka kifungo cha juu. Rafiki zake walimwita Muhuri, kwa kuwa hakuna jengo linalofunguliwa bila muhuri wake. Alisema jana alipita kulalamika kwamba namba tatu yake imekuwa nzito kama mkokoteni. Kila mmoja wao, alieleza, ana namba yake tangu walipoanza: yeye tatu, Mkasi nane, Nesi sita, kaka yake Mkasi tano. Hawabadilishani.

"Mlikuwa na ugomvi wewe na Mkasi?"

"Nani agombane na Mkasi? Kila Ijumaa nilikuwa nakaa kwenye kiti chake nacheka mpaka ananikata sikio."

Wa mwisho alikuwa huyo kaka. Mrefu, mabega ya kazi, macho makavu kabisa. Alikuwa fundi wa lifti, na kwa ajili hiyo walimwita Ghorofa. Fundi alimpenda mtu huyu. Ndiye pekee kati ya wateja aliyemsalimia kama mwenzake, aliyejua tofauti ya spana kumi na spana kumi na moja kwa kushika tu.

"Nakupa pole," Inspekta alisema. "Ila lazima niulize. Kabla hamjaanza, mashahidi wanasema ulimvuta mdogo wako mkono kwa hasira mpaka akapiga goti."

"Alikwenda kukaa kwenye namba tatu. Kwa utani wake. Anasema leo nataka kuonja ukubwa wa Muhuri." Ghorofa aliongea taratibu kama anayesoma. "Nikamwambia kaa kwenye nane yako. Hakusikia. Nikamvuta."

"Kwa hasira?"

"Mimi ndiye niliyemlea. Nikiwa na miaka tisa nilimbeba mgongoni kwenda naye kuchota maji. Unaniuliza kama nilimchukia?"

"Sijauliza hilo."

"Ndilo unalouliza."

Inspekta alifunga kijitabu. Nje ya mlango alimnong'oneza Fundi, "Watatu hawa, hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kumuua yule kijana. Unaona ninavyorudi kwako?"

"Naona." Moyoni Fundi alikuwa ameshamhukumu mtu wake, na mtu huyo alikuwa ofisini akipiga simu kwa wakubwa zake. Aliomba iwe hivyo. Alikwenda karakana akiomba iwe hivyo.

Saa sita na robo walikipandisha kigari kwenye stendi ya chuma. Fundi alilala chini yake na tochi, Inspekta akachuchumaa pembeni.

"Huu mkono wa chuma unatoka kwenye kanyagio kwenda kwenye breki," Fundi alieleza. "Hapa unaungwa na pini nene. Na pini nene inazuiwa isitoke na pini nyembamba, hii ya kukunja miguu. Tazama. Pini nene imetoka. Nyembamba haipo."

"Imekatika?"

"Ikikatika inaacha kipande tunduni. Hapa ni safi. Imechomolewa na koleo, na mtu anayejua. Ukiichomoa, breki inashika vizuri tu. Ndiyo maana nilipokanyaga asubuhi ilishika. Lakini kila raundi mtikisiko unaisukuma ile pini nene, kidogo kidogo, mpaka inaanguka. Raundi ya tano, ya sita, unakanyaga hewa."

"Unaweza kuthibitisha kwamba uliiweka?"

Fundi akasita. Lilikuwa jambo la aibu kidogo. "Kila pini ninayofunga naidondoshea rangi ya kucha. Nyekundu. Ni ya marehemu mke wangu, alibakiza chupa nne. Ikiguswa tu, rangi inabanduka."

Inspekta hakucheka. Alichukua tochi mwenyewe akamulika sakafu chini ya stendi, sentimita kwa sentimita. Karibu na mguu wa kushoto wa stendi kulikuwa na vigamba viwili vyekundu, vidogo kama maganda ya ufuta, na pini moja nyembamba iliyonyooshwa miguu.

"Kwa hiyo ilichomolewa hapa hapa," alisema. "Kigari kikiwa juu ya stendi. Namba nane ilipanda stendi lini?"

"Namba nane haikupanda. Wiki hii nzima kilichopanda ni kimoja tu, jana saa tisa alasiri. Namba ta—"

Fundi alibaki amelala chali, akiitazama fremu iliyo juu yake.

Ikabidi amweleze polepole, maana lilikuwa jambo la kila siku kiasi kwamba hakulihesabu kuwa jambo. Muhuri alilalamikia uzito. Fundi alipandisha namba tatu kwenye stendi, akafunga pini mpya ya breki, akaidondoshea rangi, akakuta kasoro yenyewe ni betri kuzeeka. Akaenda kuomba betri. Meneja akasema kama anavyosema siku zote: hakuna betri, hamisha ganda. Mteja anapenda namba yake, hajui kilichomo chini. Ndipo leo saa mbili asubuhi Fundi akafungua boliti nne za huku na nne za huku, akaweka ganda la tatu juu ya fremu ya nane iliyokuwa na nguvu, na ganda la nane juu ya fremu ya tatu iliyochoka, maana Mkasi alikuwa mwepesi na hakuwa mtu wa kulalamika. Kwenye fomu hayaandikwi hayo. Meneja amekataza.

"Kwa hiyo aliyechomoa," Inspekta alisema, "alichomoa kwenye namba tatu."

"Ndiyo. Kumbe tangu asubuhi tunatafuta aliyemchukia Mkasi. Hakuna aliyemchukia Mkasi."

"Meneja?"

Fundi alifumba macho. Hapo ndipo palipomuuma. "Si yeye. Yeye ndiye anayeagiza maganda yahamishwe. Anajua namba ya leo si namba ya jana. Angetaka kumuua mtu kwa namba, asingeanza Ijumaa."

Daftari la getini lilikuwa na mistari minne tu ya Ijumaa alasiri. Muhuri aliingia saa nane na dakika ishirini, akatoka saa nane na dakika arobaini. Nesi aliingia saa nane na nusu, akatoka saa tisa kasoro kumi. Mpeleka vifurushi aliishia getini. Na mstari wa mwisho: kuingia saa tisa na dakika hamsini, kutoka saa kumi na dakika ishirini.

"Saa tisa namba tatu ilikuwa ndiyo inapanda," Fundi alisema. "Saa kumi niliitwa na Meneja, karakana ikabaki wazi nusu saa. Nikarudi nikaishusha bila kuitazama tena, kwa kuwa nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu. Hilo ni langu, liandike."

"Na huyu wa mstari wa mwisho, alifuata nini?"

"Alisema kuweka nafasi ya Jumamosi. Huwa wanaweka kwa simu." Alifunga daftari. "Tulipishana nikiwa nimebeba vizuizi vya nguzo. Akaniambia, pole na kazi, fundi mwenzangu."

Saa saba na nusu Inspekta aliwaita wote kwenye chumba cha video, Meneja naye. Askari mmoja alisimama mlangoni. Inspekta alimwachia Fundi nafasi ya kusema, labda kwa sababu aliona mambo ya karakana yanataka mtu wa karakana.

Fundi hakusimama. Aliongea akimwangalia Ghorofa tu.

"Pini ya breki ilichomolewa jana, baada ya saa tisa, juu ya stendi yangu. Imechomolewa na mtu wa kazi. Ameinyoosha miguu ya pini, yote miwili, sawasawa. Mtu wa barabarani angeivunja."

"Sema unachotaka kusema," Ghorofa alijibu.

"Juu ya stendi palikuwa na namba tatu."

Muhuri aliinua kichwa. "Tatu ni yangu. Mimi tatu nimeiendesha leo raundi sita, breki safi."

"Ulichoendesha ni ganda la tatu. Chini yake ilikuwa nane. Nilibadilisha leo saa mbili asubuhi."

Nesi ndiye aliyeanza kuelewa. Alisogeza kiti chake mbali na Ghorofa, taratibu, bila kumwangalia.

Ghorofa aliuliza kwa sauti ndogo, "Saa ngapi umesema?"

"Saa mbili."

"Ulibadilisha zote mbili."

"Zote mbili."

"Kwa hiyo alipokwenda kukaa kwenye tatu..." Hakumaliza. Aliutazama mkono wake wa kulia, ule uliomvuta mdogo wake kutoka kwenye kigari kizima na kumpeleka kwenye kibovu. Aliutazama kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa mapajani mwake.

"Kwa nini mimi?" Muhuri aliuliza. "Tumekula pamoja miaka kumi na minne. Kwa nini mimi?"

"Ile lifti."

Muhuri akafungua kifungo cha juu cha shati.

"Waambie," Ghorofa alisema. "Hutaki? Basi nitawaambia. Lifti ilianguka kutoka ghorofa ya nne na mama wa usafi ndani, akafa. Mimi nilikuwa nimeandika barua tatu kwa wakubwa wa jengo, kebo imechakaa, leteni nyingine. Barua zikapotea zote. Ikatoka ripoti kwamba fundi hakutoa taarifa yoyote. Nimekaa ndani miezi kumi na moja. Nimetoka, leseni hakuna. Na huyu alikuwa anakuja kunitembelea na matunda. Wiki mbili zilizopita nimeonyeshwa nakala ya ile ripoti. Saini ya chini ni yake."

"Walikwishaiandika," Muhuri alisema. "Waliniletea mezani imekamilika, wakaniambia saini, au kesho kiti hiki ana mwingine. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia. Ningekusamehe hata kwa hilo tu, ungeniambia." Akageuka kwa Inspekta. "Nilitaka avunjike. Niliona nguzo inavuliwa kinga, nikasema kesho atajua mwili wa mtu unalipia nini. Kama angekufa, sijui. Sikujiuliza."

"Na mimi?" Fundi aliuliza.

"Wewe nini?"

"Fomu ina saini yangu. Saa nane hii ningepanda gari la polisi. Ulilijua hilo tangu jana. Ulinisalimia hapo nje unalijua. Walichokufanyia wewe, ulikuwa unanifanyia mimi, na ungekaa kimya."

Ghorofa alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ndiyo," alisema. "Ningekaa kimya."

Meneja alikohoa, akasema kwa vile jambo limeshakuwa wazi, na ukumbi una sherehe saa kumi, pengine shughuli zingeweza kuendelea upande wa pili. Inspekta alimwambia ukumbi umefungwa, na kuhusu nguzo ile, faili atalipeleka ngazi za juu.

"Ngazi za juu wapi?" Fundi aliuliza. "Kwa wenye ukumbi?"

Inspekta alirudisha kijitabu mfukoni. Alikuwa na umri wa kutosha kulijua jibu.

Askari alimfunga Ghorofa pingu, mikono nyuma. Vitu vyake vya mfukoni viliwekwa kwenye trei ya plastiki: funguo, kitambaa, simu. Simu ikaanza kuunguruma juu ya trei, ikizunguka kidogo kidogo. Kwenye kioo chake palikuwa na neno moja, Mama.

Nesi alishika mdomo. "Hakuna aliyempigia," alisema. "Mungu wangu, hakuna aliyemwambia."

Simu iliita mpaka ikakatika. Ikaanza upya.

"Naomba nimwambie mwenyewe," Ghorofa alisema. "Asiambiwe na askari. Nisaidieni hilo tu."

Inspekta alitafakari, akaitika kwa kichwa. Lakini mikono ya mtu ilikuwa nyuma, Muhuri alikuwa amegeukia ukuta, na Nesi hakuweza kusogea. Fundi ndiye aliyeichukua simu. Alibonyeza, akaiweka kwenye sikio la mtu ambaye saa moja nyuma angemwacha aozee jela, akaishikilia hapo kwa mkono wenye grisi, karibu kiasi cha kusikia kila kitu.

"Mama," Ghorofa alisema. "Shikamoo."

"Marahaba, baba," sauti ya kizee ilijibu, ya mtu aliye jikoni, na sufuria ikigongwa nyuma yake. "Mbona hampokei? Nipe huyo mdogo wako, naye simu yake haipatikani."